Mshale wa Slaidi ya 58

Nilianza kazi ya ualimu mwaka 1971. Nimefundisha shule za msingi, nimekuwa mwalimu mkuu, na miaka yangu ya mwisho kazini, kabla ya kustaafu mwaka 2009, niliimalizia katika chuo cha ualimu nikiwafundisha vijana namna ya kufundisha. Katika muda huo wote nimepoteza vitu vingi: funguo za stoo, daftari la mahudhurio, hata baiskeli moja ya shule ambayo niliandikiwa barua kali kwa ajili yake. Lakini sijapata kupoteza kitu kikaniuma kama mshale mmoja mdogo wa buluu uliokuwa katika somo la marehemu rafiki yangu. Na ajabu ni kwamba mshale wenyewe upo hadi leo, kila mtu anauona. Ila ukiubonyeza hauendi popote.

Rafiki yangu huyo tulikuwa naye chuo kimoja. Yeye alishughulika na jambo moja tu maisha yake yote, nalo ni namna mtoto wa darasa la kwanza anavyojifunza kusoma. Alijifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na kitu, wakati ambapo sisi wengine tulikuwa tukiwaachia makarani kazi hiyo. Nilimcheka. Nilimwambia mwalimu mwenye chaki haogopi umeme kukatika. Hakunijibu, aliendelea kubonyezabonyeza kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama, na baada ya miaka michache akawa na somo zima katika PowerPoint. Mwishoni somo hilo lilifika slaidi 94.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba slaidi hizo zilikuwa za kusomwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Slaidi ya 2 ilikuwa na swali moja: Umemsikiliza mtoto anasoma, amekosea nini? Chini yake yaliandikwa makosa, moja moja. Anaruka mistari. Anachanganya b na d. Anakariri kurasa bila kutazama maneno. Mwanachuo akichagua kosa, rafiki yangu alibonyeza maneno yale, na mara slaidi ikaruka hadi mahali kosa hilo linapoelezwa, labda ya 37, labda ya 61. Kutoka hapo palikuwa na maneno mengine ya kubonyeza yaliyokwenda kwenye mazoezi. Na katika kona ya chini, upande wa kulia, palikuwa na mshale.

Mshale huo ndio uliokuwa na akili ya mwenyewe. Mtu yeyote angedhani unamrudisha mwalimu alikotoka. Haukurudisha. Ulimpeleka kwenye jambo la kuchunguza kabla hajamhukumu mtoto. Ukiwa kwenye slaidi ya mtoto anayeruka mistari, mshale ulikupeleka kwenye slaidi ya kupima macho. Kwenye mtoto anayekariri, ulikupeleka kwenye slaidi inayouliza ni vitabu vingapi vilivyomo darasani na watoto wangapi wanagawana kitabu kimoja. Nilihudhuria kipindi chake mara moja tu, mwaka 2008, nikakaa nyuma kama mkaguzi. Nilitoka nikisema moyoni kwamba mtu huyu hafundishi kusoma, anafundisha subira. Sikumwambia. Wanaume wa rika letu hatukuzoea kuambiana mambo ya namna hiyo.

Alifariki mwaka 2019. Mwaka 2021 binti yake alinijia nyumbani akiwa na kile kijiti cha kuhifadhia kumbukumbu ambacho vijana hukiita fleshi.

"Baba mdogo," akaniambia, "walimu wa vyuo wananiomba somo la Baba. Naogopa kuwapa lilivyo. Wengine hawana programu ya kulifungulia, na wenye nayo watalibadilibadilisha mpaka lisijulikane. Nimeambiwa likiwa PDF linafunguka hata kwenye simu na linabaki kama alivyoliandika."

Nikamwambia aniachie, jambo dogo. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kununua kompyuta yangu mwenyewe na kujiona mjuzi.

Alichoambiwa binti yule kilikuwa kweli. PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa ambacho kampuni yoyote inaweza kukifuata. Sifa yake kubwa ni kwamba ukurasa haubadiliki. Herufi zinakaa pale pale, picha pale pale, ukiufungua Songea au Stockholm. Sisi tuliokata stensili tunaielewa sifa hiyo vizuri sana. Ukikata stensili na kuizungusha kwenye mashine ya kudurufu, nakala ya 1 na nakala ya 200 zinafanana, isipokuwa wino unavyofifia. Nami ndivyo nilivyoifikiria PDF: stensili isiyofifia.

Basi nikafungua somo, nikatoa amri ya kupiga chapa. Kompyuta za siku hizi, katika orodha ya mashine za kupigia chapa, huweka moja ambayo si mashine. Ni jina tu. Ukiichagua haitoi karatasi, inakutolea faili la PDF. Nikaichagua. Baada ya dakika moja nikawa na kurasa 94, safi, rangi zake zote, na yale maneno ya kubonyeza yakiwa bado ya buluu na yamepigiwa mstari chini. Nikasema nijaribu kama viungo vinafanya kazi. Nikaenda slaidi ya mwisho, ambako marehemu alikuwa ameandika anwani ya tovuti moja ya elimu, nikabonyeza. Tovuti ikafunguka.

Hapo ndipo niliporidhika, na hapo ndipo nilipokosea. Nikaituma PDF kwa WhatsApp kwa wakufunzi thelathini na kitu. Kisha, kwa kuwa fleshi ilikuwa imejaa na mjukuu wangu alitaka mahali pa kuweka picha za harusi, nikalifuta faili la asili. Nilikuwa na PDF, la asili la nini tena?

Haikupita wiki mbili simu ikalia. Alikuwa mkufunzi kijana wa chuo kimoja cha mikoa ya kusini, mwanafunzi wangu wa zamani.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, Mkuu. Samahani, lile somo. Nabonyeza maneno, hakuna kinachotokea."

Nikamuuliza simu yake ni ya aina gani. Nikamuuliza kama ameisasisha. Nikamwambia labda vidole vyake vina jasho. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyosema. Mwalimu akishindwa, wa kwanza kutuhumiwa ni mwanafunzi, na ugonjwa huo haustaafu pamoja na mwenye nao. Binti akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mkuu, nimejaribu kwenye kompyuta tatu." Nikafungua nakala yangu, nikabonyeza slaidi ya 2. Kimya. Nikabonyeza mshale wa 37. Kimya.

Yeye ndiye aliyenieleza, na ninaeleza hapa kama nilivyomwelewa. Katika PDF, kiungo hakimo katika maandishi. Ni kama kipande cha kioo cha pembe nne kisichoonekana, kilichowekwa juu ya maneno, na ndani yake mna maagizo: mtu akigusa hapa, mpeleke ukurasa fulani, au mfungulie anwani fulani. Rangi ya buluu na mstari ni mapambo ya kumwonyesha mtu kwamba kioo kipo. Ukitoa amri ya kupiga chapa, kompyuta inapeleka kile tu ambacho kingeonekana kwenye karatasi. Kioo hakina wino, basi hakipelekwi. Mapambo yana wino, basi yanapelekwa. Ndiyo sababu nilibakiwa na rangi ya buluu isiyo na kitu juu yake.

"Mbona ile tovuti ilifunguka?" nikamuuliza, nikiwa bado natafuta pa kushikia.

Akacheka kidogo. Akasema programu nyingi za kusomea PDF, zikiona maandishi yenye sura ya anwani ya intaneti, huyafanya kiungo zenyewe bila kuambiwa na mwandishi. Kumbe nilijaribu kiungo kimoja kati ya vyote, na ndicho ambacho hakikuwa cha marehemu.

Vipo pia vitu vinavyoitwa alamisho. Hivi havikai juu ya ukurasa. Vinakaa kando, kama yaliyomo ya kitabu, na ukigusa jina la sura unafika kwenye sura. Navyo kwa njia niliyoitumia mimi hupotea, kwa sababu hiyo hiyo.

Njia iliyonyooka ni kuiacha kabisa amri ya kupiga chapa, na kuiambia programu yenyewe ya slaidi ihifadhi au ihamishe somo liwe PDF. Programu inajua ni wapi iliweka kiungo na kinakwenda wapi, basi inaitengeneza PDF pamoja na vioo vyake, na kiungo kilichokwenda slaidi ya 37 kinakuwa kiungo kinachokwenda ukurasa wa 37. Ni tofauti ya mahali pa kubonyeza tu. Kazi ni ile ile, muda ni ule ule. Nami nilikuwa nimekwisha kulifuta faili la asili.

Nilikaa siku tatu bila kumpigia binti wa marehemu. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Siku ya nne nikampigia, nikamweleza yote. Akanyamaza. Kisha akasema kompyuta ya baba yake walimpa binamu yake, naye aliifuta yote na kuweka mambo yake. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka 2016 marehemu aliniletea somo hilo kwa barua pepe, akaniomba nimsahihishie Kiswahili. Sikuwahi kulifungua wala kumjibu. Nilitafuta katika barua za zamani mpaka saa saba za usiku, nikalikuta. Lilikuwa na slaidi 71. Viungo vyake vyote vilikuwa hai. Na juu yake maneno mafupi: nikipata nafasi nitazame, hakuna haraka.

Kwa hiyo tulikuwa na slaidi 71 zilizo hai, na sura tu ya zile 23 alizoziongeza baada ya hapo. Yule mkufunzi kijana akajitolea kunisaidia. Tukazichapa upya zile 23 kwa kutazama PDF yangu, neno kwa neno, kisha tukaanza kurudisha viungo. Tulihesabu 41 vilivyopotea. Vingi vilijieleza vyenyewe: palipoandikwa Zoezi la 12 ni dhahiri panakwenda zoezi la 12. Kazi ilikuwa mishale tisa. Hiyo haikuandikwa neno. Ilikuwa mishale tu, na aliyejua inakokwenda alikuwa kaburini.

Tukarudi kwenye ile 71 tukaifuata mishale ya zamani mmoja mmoja, na kuandika kwenye daftari: kutoka hapa, kwenda pale. Nilitumia muda mwingi zaidi na daftari hilo kuliko nilivyowahi kutumia na rafiki yangu kuzungumza juu ya kazi yake. Baada ya siku chache tuliweza kubashiri kabla ya kubonyeza. Kosa la mtoto lilikuwa upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na jambo ambalo mtoto hakulichagua: macho, njaa, umbali wa kwenda shule, lugha ya nyumbani ambayo si Kiswahili, mwalimu mwenyewe. Kwa kufuata njia hiyo tukaipatia mishale minane mahali pake, na mmoja kati ya hiyo tuligombania siku nzima kwenye simu mpaka salio likaisha.

Wa tisa ni wa slaidi ya 58. Slaidi hiyo inasema: Mtoto amenyamaza. Umempa kitabu, amekishika, hasomi, wala halii. Basi. Chini kuna mshale. Mimi nilisema unakwenda kwenye slaidi ya usikivu, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri huonekana mjinga kumbe hajasikia alichoambiwa. Mkufunzi akasema hapana, unakwenda kwenye lugha ya nyumbani. Binti wa marehemu akasema baba yake angeupeleka kwenye slaidi ya fimbo. Tukamuuliza shemeji, mjane wa marehemu. Akatwambia yeye hajui kompyuta, lakini mumewe alikuwa akisema kuna swali ambalo mwalimu hapaswi kujibiwa upesi, na hakumbuki kama alikuwa akisema habari za somo hilo au za jambo jingine.

Ilipofika wakati wa kutoa PDF mpya, mkufunzi alijaribu kwanza PowerPoint, kwa kuhifadhi moja kwa moja. Viungo vilikuja vyote, lakini katika toleo alilokuwa nalo alamisho hazikuja. Akalifungua somo kwa LibreOffice Impress, programu ya bure, na huko alipohamisha kwenda PDF palitokea dirisha lenye visanduku vya kutia alama, kimoja kikiwa cha alamisho. Alamisho hizo hufuata majina ya slaidi, na slaidi ambazo hazikupewa jina zilitoka na nambari tu. Orodha ya nambari 94 kando ya ukurasa haimsaidii mtu. Tukarudi tukazipa slaidi zote majina. Hiyo ilikuwa kazi ya jioni mbili, na nashauri mtu aifanye mwanzo badala ya mwisho.

Kulikuwa na viungo sita vya aina nyingine ambavyo vilipona na havikutufaa kitu. Ukivibonyeza, kompyuta inajitahidi kutafuta, kisha inasema haikuona. Vilielekeza kwenye sauti za watoto wakisoma, ambazo marehemu alizirekodi mwenyewe na kuziweka katika kabati la kompyuta yake, nje ya somo. Kiungo hakibebi kitu kinachoelekezwa. Kinabeba njia tu ya kukifikia. Hata somo la 2016, lililokuwa zima kabisa, lilikuja bila sauti hizo, maana alituma faili moja na mengine yakabaki. Siku hizi nikiona mtu ana slaidi zenye sauti au video pembeni namwambia aweke vyote katika folda moja na ahamishe folda nzima, na aliyenisikia akanitazama kwa mshangao simlaumu. Sauti za watoto wale hazikupatikana.

Jambo moja nililiongeza mimi, nalo halitoki kwenye kompyuta. Mkufunzi alipojaribu PDF mpya kwenye simu za wanachuo, simu nyingine zilikuwa na programu za kusomea ambazo hazionyeshi alamisho, na nyingine zilipuuza viungo vya kutoka ukurasa hadi ukurasa. Na wapo wanachuo waliokwenda stesheneri kuitoa yote kwenye karatasi, maana hawana fedha za simu nzuri. Nikamwambia basi tuandike kando ya kila kiungo, kwa herufi ndogo: taz. uk. 37. Ndivyo tulivyofanya kwenye stensili miaka ya sabini, wakati walimu walipohitajika wengi kwa haraka baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, na makabrasha yakitumwa vijijini bila kujua yatasomwa na nani, kwa taa gani. Binti akaona ni jambo la kizee. Lakini aliliandika, mara 41 na zaidi.

Tuliituma PDF ya pili mwezi wa Novemba, pamoja na barua yangu fupi ya kuomba radhi na kuwasihi waifute ya kwanza. Sijui wangapi waliifuta. Mwaka jana nilikuta ile ya kwanza ikizunguka bado, imetumwa na mtu nisiyemjua, na maneno yake ya buluu yamekaa pale pale yakidanganya watu kwa jina la rafiki yangu.

Faili la asili, lile tulilolijenga upya, sasa lina nakala tatu: moja kwangu, moja kwa mkufunzi, moja kwa binti wa marehemu. Kila tukirekebisha neno tunalirekebisha huko, kisha tunatoa PDF nyingine. Mshale wa slaidi ya 58 tumeuacha bila kiungo, na kando yake hatukuandika ukurasa. Muhula uliopita mwanachuo mmoja alinipigia kuniuliza kama hilo ni kosa la kiufundi, na kama anaweza kutusaidia kuuondoa. Nilimshukuru, nikamwambia auache. Akaniuliza kwa nini. Nikamuuliza yeye angeupeleka wapi, naye akakaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani simu imekatika.